Kupepeta Urani: Historia ya Kiwanda cha K-25 na Makapi Yake

Utangulizi

Neno kurutubisha lilikuwa la wakulima kabla ya kuwa la wanasayansi. Mkulima anaposema anarutubisha shamba, msikilizaji huelewa kuwa anatia samadi au mbolea ili udongo upate nguvu uliyoikosa. Wanahabari wa Kiswahili walipolitumia neno hili kuelezea shughuli za nyuklia, lilikuja na picha hiyo hiyo ya kuongeza. Hata hivyo, katika kurutubisha urani hakuna kinachoongezwa. Kinachofanyika ni kuondoa kisichotakiwa ili kinachotakiwa kibaki kwa wingi zaidi. Kwa hiyo, kitendo kinachokaribiana zaidi na shughuli hii ni kile cha mtu aliyeshika ungo akipepeta mchele: punje hubaki, makapi hutengwa.

Mfano huu wa ungo una faida nyingine. Humkumbusha msomaji kuwa kila apepetaye hutoa makapi, na kwamba makapi hayatoweki kwa sababu tu mchele umekwisha kupikwa. Makala haya yanaeleza historia ya kiwanda cha K-25 kilichokuwa Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani. Kiwanda hiki cha serikali kilipepeta urani kuanzia 1945 hadi 1985. Lengo ni kuonyesha jinsi kilivyofanya kazi, kwa nini kilijengwa na kwa nini kilizimwa. Aidha, makala yanachunguza suala ambalo mara nyingi huachwa nje ya masimulizi ya ushindi wa kisayansi: ni nani aliyeachiwa makapi, na ni nani aliyesafishiwa.

Maana ya Kurutubisha

Urani inayochimbwa ardhini ni mchanganyiko wa isotopu, yaani atomi za elementi moja zilizo na uzito tofauti. Katika kila atomi 1,000 za urani asilia, karibu 993 ni za urani-238 na takriban 7 tu ni za urani-235. Hizo 7 ndizo zinazopasuka kwa urahisi zinapogongwa na nyutroni na kutoa nishati nyingi. Vinu vingi vya umeme vya nyuklia huhitaji urani ambayo kiwango chake cha urani-235 kimepandishwa kutoka asilimia 0.7 hadi kati ya asilimia 3 na 5. Bomu huhitaji kiwango kikubwa zaidi, kwa kawaida asilimia 80 au 90 na kuendelea.

Ugumu wa kazi hii unatokana na kufanana kwa isotopu hizo. Atomi za aina zote mbili zina tabia moja ya kikemia. Hakuna asidi inayoweza kuyeyusha moja na kuiacha nyingine. Tofauti pekee inayoweza kutumiwa ni ile ya uzito, nayo ni ndogo mno.

Njia iliyotumiwa K-25 ni ya kupenyeza gesi kwenye utando wenye vitundu. Kwanza urani huunganishwa na florini na kuwa heksafloridi ya urani, ambayo hugeuka gesi inapopashwa moto kufikia nyuzi 56 hivi za Selsiasi. Gesi hiyo husukumwa kwa pampu dhidi ya utando wa chuma wenye mamilioni ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Molekuli zilizobeba urani-235 ni nyepesi kidogo, kwa hivyo hukimbia kwa kasi zaidi kidogo na kuupenya utando mara nyingi zaidi kidogo. Katika kila hatua moja, faida inayopatikana haizidi sehemu 4 kwa 1,000. Kwa sababu hiyo, gesi iliyopenya hupelekwa kwenye hatua inayofuata, kisha nyingine, na nyingine tena, huku ile iliyoshindwa kupenya ikirudishwa nyuma ijaribiwe upya. Kiwanda kizima cha K-25 kilikuwa na hatua zinazokaribia 3,000 zilizounganishwa kama shanga kwenye uzi mmoja.

Ili kupata kilo 1 ya urani yenye kiwango cha asilimia 4, huhitajika takriban kilo 8 za urani asilia. Kilo 7 zinazosalia ndizo makapi.

Malighafi Kutoka Katanga

Masimulizi mengi kuhusu K-25 huanzia Tennessee. Kwa hakika, yanapaswa kuanzia Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi katika eneo la Katanga nchini Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini na sokoni. Mgodi wa Shinkolobwe ulimilikiwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na kwa miaka mingi yalichimbwa kwa ajili ya radi iliyotumiwa hospitalini. Urani iliyotoka pamoja nayo ilihesabiwa kuwa ya thamani ndogo.

Jambo lililoutofautisha mgodi huu na mingine duniani lilikuwa ubora wa mawe yake. Baadhi yalikuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65, ilhali mawe ya Marekani na Kanada aghalabu hayakufikia hata asilimia 1. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, alihofia kuwa Wajerumani wangeyatwaa madini hayo, akaagiza zaidi ya tani 1,000 zisafirishwe hadi New York. Zikawekwa kwenye mapipa katika ghala la Staten Island, zikakaa humo bila kuulizwa.

Mnamo Septemba 18, 1942, Kanali Kenneth Nichols wa Jeshi la Marekani alimtembelea Sengier ofisini kwake New York na kuyanunua. Katika juma lilo hilo, Jenerali Leslie Groves, aliyekuwa ametoka kukabidhiwa Mradi wa Manhattan, aliidhinisha kutwaliwa kwa ardhi ya Tennessee ambako kiwanda kingejengwa. Ununuzi wa madini na utwaaji wa ardhi ulikuwa mwanzo wa safari moja. Inakadiriwa kuwa karibu thuluthi mbili za urani yote iliyotumiwa na Mradi wa Manhattan ilitoka Kongo. Mikono iliyoyachimba, kuyachagua na kuyabeba mawe hayo ilikuwa ya wafanyakazi Waafrika chini ya utawala wa kikoloni, ambao hawakuelezwa yalikokuwa yakienda wala hatari ya vumbi lake.

Ardhi na Watu wa Oak Ridge

Bonde lililochaguliwa Tennessee halikuwa pori tupu. Lilikuwa na vijiji vya wakulima: Wheat, Elza, Robertsville na Scarboro. Watu wapatao 3,000 waliamriwa kuhama, baadhi yao wakipewa majuma machache tu ya kufungasha. Eneo la Wheat ndilo lililopewa kiwanda cha K-25. Kanisa moja dogo la kijiji hicho limesalia hadi leo, likiwa karibu ushahidi wa pekee kuwa mahali pale palikuwa na watu kabla ya mitambo.

Hata jina la kiwanda lilikuwa fumbo. Herufi K ilitokana na Kellex, kampuni iliyokisanifu, na namba 25 ilikuwa jina la siri la urani-235. Jengo kuu lilikuwa na umbo la herufi U, kila mkono ukiwa na urefu wa takriban nusu maili. Lilikuwa na ghorofa 4 na lilifunika eneo la ekari 44. Lilipokamilika, lilihesabiwa kuwa miongoni mwa majengo makubwa zaidi duniani. Wafanyakazi walipanda baiskeli ndani yake ili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gharama ya ujenzi ilizidi dola milioni 500 za wakati ule.

Watu wapatao 25,000 walifanya kazi ya ujenzi ilipofikia kilele. Wengi waliishi katika kambi iliyoitwa Happy Valley, yaani Bonde la Furaha. Wachache sana kati yao walijua walichokuwa wakijenga. Kila mtu alifundishwa kipande chake cha kazi na kuonywa asiulize kipande cha jirani. Mabango yaliwakumbusha kuwa waliyoyaona humo yabaki humo.

Isitoshe, mji huo wa siri ulijengwa kwa misingi ya ubaguzi wa rangi uliokuwa sheria katika majimbo ya kusini. Wafanyakazi Weusi waliwekwa katika vibanda vya mbao vya futi 16 kwa 16, na mume na mke hawakuruhusiwa kuishi pamoja. Mnamo Machi 1945, mfanyakazi mmoja Mweusi wa saruji, aliyeajiriwa katika ujenzi wa K-25, aliumia katika ajali ya gari akapelekwa hospitali ya jeshi. Mwezi uliofuata alidungwa sindano ya plutoni bila kuelezwa wala kuombwa idhini, ili madaktari wapime jinsi mwili unavyoitoa sumu hiyo. Kisa hiki kilielezwa katika ripoti ya kamati iliyoundwa na Rais Bill Clinton kuchunguza majaribio ya mionzi kwa binadamu, iliyotolewa mwaka 1995.

Tatizo la Utando

Ujenzi ulipoanza mwaka 1943, kulikuwa na jambo la kushangaza: jengo lilikuwa likiinuka ilhali kiungo chake muhimu zaidi hakikuwa kimepatikana. Heksafloridi ya urani ni gesi kali. Hula metali nyingi, na ikikutana na unyevu wa hewa huzalisha asidi inayochoma mapafu. Utando ulihitajika kuwa na vitundu vidogo mno, uwe imara dhidi ya msukumo, usiliwe na gesi, na uweze kutengenezwa kwa wingi mkubwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiwemo Harold Urey na John Dunning, walijaribu aina mbalimbali. Hatimaye nikeli ndiyo iliyokubalika, lakini utando wa kwanza wa nikeli ulivunjika kwa urahisi na ubora wake haukuwa wa kutegemewa. Mnamo Januari 1944, Groves aliamua kuacha utando huo na kufuata aina mpya iliyotengenezwa kwa unga wa nikeli, ingawa kiwanda cha Decatur, Illinois, kilikuwa kimekwisha kuandaliwa kwa ajili ya ule wa awali. Mashine ziling'olewa, nyingine zikawekwa. Uamuzi huo ulichelewesha kazi kwa miezi kadhaa, lakini bila huo K-25 isingefanya kazi hata kidogo.

Mabomba nayo yalipakwa nikeli kwa ndani. Viungo vyote vililazimika kuzibwa kabisa, kwa kuwa tone la grisi au pumzi ya hewa yenye unyevu ingeweza kuharibu sehemu nzima ya mtambo. Mafundi walipita kwenye maelfu ya maungio wakitumia gesi ya heli na vyombo vya kupimia ili kutafuta tundu lolote. Kiwanda kilijengewa pia mtambo wake wa umeme wa mvuke, kwani pampu hazikupaswa kusimama ghafla.

Uendeshaji Wakati wa Vita

Hatua za kwanza zilitiwa gesi mnamo Januari 1945. Kiwanda hakikungoja kukamilika. Kila sehemu iliyokuwa tayari iliunganishwa na zilizotangulia. Kwa kuwa K-25 haikuweza bado kufikisha urani kwenye kiwango cha bomu, wakuu wa mradi waliamua kuviunganisha viwanda vitatu vya Oak Ridge kama wapokezanao kijiti. Kiwanda cha S-50, kilichotumia joto, kilipandisha urani kidogo sana. K-25 kilipokea hapo na kuifikisha hadi karibu asilimia 23. Kisha kiwanda cha Y-12, kilichotumia sumaku kubwa, kilimalizia.

Mazao ya kupokezana huko yalikuwa kilo 64 hivi za urani zilizowekwa katika bomu lililodondoshwa Hiroshima, Japani, Agosti 6, 1945. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa mjini humo. Siku hiyo ndipo wengi wa wafanyakazi wa K-25 walipojua, kupitia redio na magazeti, kazi waliyokuwa wakiifanya. Hatua za mwisho za kiwanda ziliwashwa katikati ya Agosti, siku ambazo Japani ilikuwa ikisalimu amri. Kwa maneno mengine, kiwanda kilichojengwa kwa haraka ya vita kilikamilika vita vilipokuwa vimekwisha.

Kutoka Silaha Hadi Nishati

Ingetarajiwa kuwa amani ingekifunga kiwanda. Mambo yalikuwa kinyume. Mwishoni mwa 1946, sumaku nyingi za Y-12 zilizimwa kwa kuwa K-25 ilithibitika kuwa na gharama nafuu zaidi. Januari 1947, shughuli zote zilihamishiwa kwa Tume ya Nishati ya Atomiki, huku kampuni ya Union Carbide ikiendelea kuendesha kiwanda kwa mkataba wa serikali. Vita Baridi vilipopamba moto, majengo mengine yaliongezwa: K-27 mwaka 1946, K-29 na K-31 mwaka 1951, na K-33 mwaka 1954. Viwanda viwili vya aina hiyo hiyo vilianzishwa kwingine, kimoja Paducah, Kentucky, na kingine karibu na Portsmouth, Ohio.

Katika kipindi hiki makapi ya aina mpya yaliingia kiwandani. Urani iliyokwisha kutumika katika vinu vya kuzalishia plutoni ilirejeshwa ili irutubishwe upya. Ilikuja na mabaki madogo ya plutoni, neptuni na tekneti, vitu ambavyo kiwanda hakikusanifiwa kuvishughulikia. Vilinata mabombani na kwenye pampu, na mafundi waliofungua vyombo hivyo kwa matengenezo walikutana navyo, mara nyingi bila kuelezwa.

Kufikia miaka ya 1960, Marekani ilikuwa na urani ya silaha kupita mahitaji yake. Januari 1964, Rais Lyndon Johnson alitangaza kupunguza uzalishaji wake. Mwaka huo majengo ya K-25 na K-27 yalizimwa. Majengo matatu yaliyosalia yaligeuzwa kuzalisha urani ya kiwango cha chini kwa ajili ya vinu vya umeme vya Marekani na vya nchi rafiki. Kiwanda kilichozaliwa kwa ajili ya bomu kikawa muuzaji wa kuni za nyuklia.

Kuzimwa

Sababu za kuzimwa kwa kiwanda zilikuwa za kiuchumi. Kwanza, kupenyeza gesi kunahitaji umeme mwingi kupita kiasi, kwa kuwa gesi ile ile husukumwa na kupozwa mara maelfu. Bei ya umeme ilipopanda katika miaka ya 1970, faida ilimomonyoka. Pili, kampuni nyingi za umeme zilifuta mipango ya kujenga vinu vipya, hasa baada ya ajali ya Three Mile Island ya mwaka 1979. Tatu, Ulaya ilikuwa imeanza kurutubisha urani yake yenyewe. Baadhi ya viwanda vya huko vilitumia mapipa membamba yanayozungushwa kwa kasi kubwa, ambapo molekuli nzito husukumwa ukingoni na nyepesi hubaki katikati. Njia hiyo hutumia sehemu ndogo tu ya umeme unaohitajiwa na ile ya utando.

Agosti 1985, pampu za Oak Ridge zilisimamishwa. Kwanza ilisemwa kuwa kiwanda kitawekwa akiba. Desemba 1987 ikatangazwa kuwa hakitawashwa tena. Kilikuwa kimefanya kazi kwa miaka 40.

Makapi na Waliobaki Nayo

Kwa kawaida, historia ya kiwanda huishia siku ya kuzimwa. Kwa K-25, nusu ya pili ya historia ilianzia hapo. Mwaka 1989, eneo lote la Oak Ridge liliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali palipochafuka zaidi na panapohitaji kusafishwa. Palikuwa na asibesto, zebaki, viyeyusho vilivyopenya hadi maji ya chini ya ardhi, pamoja na maelfu ya mitungi ya chuma iliyojaa heksafloridi iliyobaki baada ya urutubishaji, ikipata kutu uwanjani.

Aidha, kulikuwa na watu. Kwa miongo mingi, wafanyakazi waliougua saratani na maradhi ya mapafu walidai fidia wakaambiwa hakuna ushahidi kuwa kazi ndiyo iliyowadhuru. Kumbukumbu za vipimo vya mionzi zilikuwa pungufu au hazikuwepo, na siri ya kitaifa iliwazuia hata kuwaeleza madaktari wao walichokishika. Mambo yalibadilika kati ya 1999 na 2000, pale Waziri wa Nishati Bill Richardson alipokiri hadharani kuwa serikali iliwadhuru watu waliofanya kazi katika viwanda vyake vya nyuklia. Oktoba 2000, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya fidia. Wafanyakazi wa viwanda vitatu vya kupenyeza gesi, Oak Ridge kikiwemo, walipewa nafasi ya pekee. Aliyefanya kazi kwa angalau siku 250 kabla ya Februari 1992, katika mazingira yaliyohitaji kupimwa mionzi, akapata mojawapo ya saratani zilizoorodheshwa, hakulazimika tena kuthibitisha kiasi cha mionzi kilichomwingia. Malipo yalikuwa dola 150,000 pamoja na matibabu. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa, na waliopokea ni wajane na watoto.

Waswahili huamini kuwa kubomoa ni rahisi kuliko kujenga. K-25 ilikanusha imani hiyo. Jengo lililosimamishwa kwa takriban miaka miwili lilihitaji miaka mitano kuangushwa, kuanzia Desemba 2008 hadi Desemba 2013, bila kuhesabu miaka ya maandalizi. Sakafu zilikuwa zimeoza kiasi kwamba mwaka 2006 mfanyakazi mmoja alitumbukia kutoka ghorofa ya juu na kuumia vibaya. Kila bomba lililazimika kupimwa ili kuhakikisha halina urani ya kutosha kuanzisha mpasuko wa mfululizo. K-27, jengo la mwisho kati ya matano ya urutubishaji, lilibomolewa Agosti 2016. Mwaka 2020 Wizara ya Nishati ilitangaza kuwa Oak Ridge ndiko mahali pa kwanza duniani ambapo majengo yote ya kurutubishia urani yameondolewa. Kumbukumbu ya kiwanda imehifadhiwa katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka huo huo, na ukumbi wa msingi wa jengo kuu ni sehemu ya hifadhi ya kitaifa ya kihistoria ya Mradi wa Manhattan iliyoanzishwa mwaka 2015.

Hata hivyo, usafi huo una mpaka. Sheria ya fidia ya mwaka 2000 ilihusu waliofanya kazi katika ardhi ya Marekani. Haikuvuka bahari hadi Katanga. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuwahi kuvalishwa beji za kupimia mionzi, kwa hivyo hata swali la kipimo chao halina mahali pa kuulizwa. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa uhuru wa Kongo mwaka 1960 na mashimo yake makuu yakazibwa. Miongo kadhaa baadaye, wachimbaji wadogo waliutafuta tena kwa ajili ya kobalti na shaba, wakichimba kwa mikono na sululu katika udongo ule ule wenye urani. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo Januari 2004, na Julai mwaka huo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuwaua watu kadhaa. Jiwe moja limeacha vumbi pande mbili za dunia. Upande mmoja umepimwa, umesafishwa na kulipwa, na upande wa pili umepigwa marufuku tu.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Huenda msomaji akauliza historia hii inamhusu nini. Jibu ni kuwa mzunguko wa urani umekwisha kulifikia eneo hili. Tanzania ina hazina ya urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Nchini Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliunda wakala wa kusimamia mpango wa umeme wa nyuklia, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga kinu kilichopendekezwa kujengwa kwao. Nchi inayochimba urani huishikilia mwanzoni mwa safari yake, na inayoitumia kinuni huishikilia karibu na mwisho. Urutubishaji hukaa katikati, mara nyingi ng'ambo, lakini makapi ya kila hatua hubaki pale hatua hiyo ilipofanyika.

Kwa hivyo, maswali ambayo Oak Ridge iliyajibu kwa kuchelewa yanaweza kuulizwa mapema hapa. Je, nani atapima afya ya mfanyakazi tangu siku ya kwanza, na kumbukumbu hizo zitawekwa wapi? Gharama ya kubomoa imetengwa katika bajeti ya kujenga? Mwanakijiji anayehamishwa anaambiwa ukweli wote au kipande chake tu? Maswali haya hayapingi sayansi. Ni sehemu ya hesabu yake.

Hitimisho

Imebainika kuwa K-25 ilikuwa ufanisi mkubwa wa uhandisi: ilitenganisha vitu ambavyo kemia yote haikuweza kuvitenganisha, kwa kutumia tofauti ya sehemu 4 kwa 1,000 iliyorudiwa mara maelfu. Imebainika vilevile kuwa ufanisi huo uliambatana na utenganishaji wa aina nyingine: mfanyakazi alitengwa na maana ya kazi yake, mume alitengwa na mke kwa sababu ya rangi, na mchimbaji wa Katanga alitengwa na fidia kwa sababu ya mpaka.

Mnamo 2024, ujenzi wa kinu cha majaribio ulianza mahali lilipokuwa jengo la K-33, na Septemba mwaka huo kampuni ya Ufaransa ya Orano ilitangaza kuwa imeichagua Oak Ridge kwa ajili ya kiwanda kipya cha kurutubishia urani. Ungo, basi, unarudi kwenye ua ule ule. Wahenga walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Historia ya K-25 inaonyesha kuwa mara nyingine wanaolishwa janga hilo si wa kwao aliyelichuma, bali ni wale waliokuwa mbali naye, waliombebea mawe bila kuambiwa ni ya nini.